Injini ya Nguvu Baada ya Kufungwa Upya: Kusoma Dalili na Kutafuta Chanzo

Injini ya kawaida iliyotembea miaka mingi huchoka kidogo kidogo, na fundi mzoefu huweza kukisia ugonjwa wake kwa umri tu. Injini iliyofunguliwa, ikachongwa, ikawekewa pistoni za foji (zilizofuliwa, si za kumiminwa kwenye kalibu) na kemshafti kali (mhimili unaofungua valvu kwa muda mrefu zaidi), kisha ikafungwa upya ili itoe nguvu zaidi, haimpi fundi nafasi hiyo ya kukisia. Vipuri vyake ni vipya, na hitilafu yake karibu kila mara hutokana na kipimo: nafasi iliyobana mno au iliyoachia mno, bolti iliyokazwa visivyo, mafuta yasiyotosha, au moto wa plagi unaowahi. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza kila dalili kwa kuuliza inajitokeza lini: injini ikiwa baridi au moto, ikiwa sailensi (inanguruma bila kukanyagwa) au ikiwa na mzigo, dereva anapokanyaga au anapoachia. Wakati huo ukijulikana, vyanzo kumi hubaki viwili au vitatu, na hivyo vinaweza kupimwa bila kuondoa silinda hedi (sehemu ya juu ya injini yenye valvu).

Mifano nitakayoitoa inahusu injini ambazo mtu wa Tanga anayependa mwendo huwa nazo au huzitamani: 3S-GE ya Toyota Altezza, ambayo haina tabo (turbo, feni inayosukuma hewa ndani ya injini) na ambayo kipenyo cha silinda na mwendo wa pistoni ni milimita 86 kwa 86, 1JZ-GTE ya Mark II na Chaser, yenye silinda sita, tabo, na vipimo vya milimita 86 kwa 71.5, na EJ20 ya Subaru, ambayo silinda zake zimelala na zina kipenyo cha milimita 92 na mwendo wa milimita 75.

Vipimo vya kufanya kwanza

Kipimo cha kompresheni ni cha lazima, lakini hufanywa vibaya mara nyingi. Betri iwe imejaa, plagi zote zitolewe, umeme wa koili na wa nozeli ukatwe, throtoli ifunguliwe yote, kisha stata izungushe injini mpaka sindano ya geji isipande tena. Kinachotafutwa hapo ni ulinganifu wa silinda: ya chini isipungue zaidi ya asilimia 10 chini ya ile ya juu. Namba yenyewe isikutishe haraka, kwa sababu kemshafti inayoacha valvu wazi kwa muda mrefu huchelewa kuifunga valvu ya hewa, na kwa mwendo mdogo wa stata sehemu ya hewa hurudishwa ilikotoka. Injini yenye uwiano mkubwa wa mgandamizo inaweza kuonyesha namba ndogo kuliko ulivyotarajia na ikawa nzima kabisa.

Silinda zote zikiwa chini kwa kiwango kimoja, angalia taimingi (valvu kufunguka kwa wakati wake) kabla ya kumlaumu aliyechonga bloku. Jino moja tu la mkanda linatosha kuleta hali hiyo. Ikiwa silinda moja ndiyo dhaifu, tia kijiko kimoja cha oili kupitia tundu la plagi na upime tena. Ikipanda, ringi (pete za pistoni) ndizo hazizibi. Isipopanda, angalia valvu au gasketi. Silinda mbili zinazopakana zikiwa dhaifu kwa pamoja, gasketi imeachia katikati yake.

Baada ya hapo hufuata kipimo cha kuvuja, ambacho gereji nyingi hazikifanyi, na mimi nakiamini kuliko kile cha kwanza. Pistoni huwekwa juu kabisa wakati valvu zote za silinda hiyo zimefungwa, krenki (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni) huzuiwa isizunguke, kisha hewa ya kompresa huingizwa kupitia geji mbili. Sikio ndilo linalotoa jibu: hewa ikisikika kwenye throtoli, valvu ya kuingiza haikai, ikisikika kwenye bomba la ekzosti, ni valvu ya kutoa, ikipumua kwenye mfuniko wa oili, ni ringi, mapovu yakitokea kwenye rejeta, ni gasketi au ufa. Injini mpya iliyokwisha kulainika haipaswi kukaribia asilimia 20 ya kuvuja.

Kugonga

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa sababu milio mitatu tofauti huitwa kwa jina moja.

Mlio wa kwanza husikika asubuhi injini ikiwa baridi, na hunyamaza injini inapopata moto. Huo ni mlio wa pistoni inayopigapiga ukuta wa silinda, na kwa injini yenye pistoni za foji unaweza kuwa si ugonjwa hata kidogo. Pistoni za foji hutengenezwa zaidi kwa aloi mbili: 4032, yenye silikoni karibu asilimia 12, na 2618, ambayo silikoni yake ni kidogo sana. Ile ya pili huvumilia mishtuko zaidi na ndiyo inayopendwa kwa injini za tabo, ila hutanuka sana ikipata joto, kwa hiyo mtengenezaji huiwekea nafasi kubwa zaidi kati yake na ukuta. Mlio ukiendelea hata baada ya oili kupata joto kamili, hapo silinda imechongwa kubwa mno. Mara nyingi kisa chake ni kwamba bloku lilipelekwa kuchongwa kabla pistoni hazijafika, kwa kipimo cha kwenye karatasi. Bloku lisichongwe mpaka pistoni zenyewe ziwe mezani na kila moja ipimwe kwa maikromita mahali mtengenezaji anapoelekeza, maana pistoni haina upana mmoja kutoka juu hadi chini.

Mlio wa pili ni mzito, huzidi kadiri injini inavyopata moto, na husikika waziwazi ukipandisha mzunguko kidogo kisha ukaachia. Hizo ni beringi za konrodi (mikono inayounganisha pistoni na krenki). Uthibitisho wake ni rahisi: injini ikiwa sailensi, kata umeme wa koili moja moja. Silinda yenye ugonjwa ikipoteza moto wake, mlio hupungua, kwa sababu konrodi haisukumwi tena kwa nguvu. Bisibisi ndefu iliyogusishwa ubavu wa bloku, mpini wake ukiwa sikioni, husaidia kujua ni upande gani.

Kisha fungua filta ya oili, uikate kwa kikata filta, uikunjue karatasi yake juu ya bati safi na uimiminie petroli kidogo. Vumbi la kijivu linalometa kidogo ni la kawaida kwa injini ya kilomita za mwanzo. Vipande vya rangi ya shaba maana yake tabaka la juu la beringi limekwisha na sasa inaliwa tabaka la ndani. Pitisha sumaku: kinachonaswa ni chuma, nacho huweza kutoka kwenye ringi au pampu ya oili, kisichonaswa na chenye weupe ni aluminiamu, na hapo uiangalie pistoni. Ukishaiona shaba, gari lisiwashwe tena hata kwa kulihamisha kivulini, kwa sababu hatua inayofuata ni injini kunoki (kukwama na kufa) na krenki kwenda nayo.

Vyanzo vya beringi mpya kuisha hivyo ni vichache. Nafasi ya oili huwa ndogo au kubwa mno. Kanuni ya kuanzia ni sehemu moja ya elfu ya kipenyo cha shingo ya krenki, kwa maana ya milimita 0.048 kwa shingo ya milimita 48, kisha unarekebisha kufuata maelekezo ya injini husika. Ipime kwa plastigeji (uzi laini unaobanwa ukaonyesha nafasi) kwenye kila shingo, hata kama aliyechonga krenki ameapa kwamba zote ni sawa. Vifuniko vya konrodi huchanganywa au hugeuzwa wakati wa kufunga. Bolti hukazwa kavu wakati kipimo cha kukaza kiliandikwa kwa bolti iliyopakwa grisi maalumu, na matokeo yake geji ya spana inaonyesha namba sahihi ilhali bolti haijavutika inavyotakiwa. Kwa EJ20 zenye tabo ongeza moja: bomba la kunyonya oili ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) linajulikana kwa kupasuka kwenye kiungio chake, likaanza kunyonya hewa. Anayefungua injini hiyo kwa ajili ya nguvu asilirudishe lile la zamani.

Mlio wa tatu hutokea chini ya mzigo tu: gia ya juu, mwendo wa kati, pedali chini, kama changarawe zinazotikiswa ndani ya kopo. Anayetoka Mombo kuelekea Lushoto hukutana nao kwenye kona za kupanda, ilhali akiendesha mjini Tanga hasikii kitu. Ni mafuta yanayolipuka yenyewe kabla ya wakati, na ndiyo dalili ya hatari kuliko zote kwa pistoni, kwa kuwa huvunja kuta ndogo zinazoshika ringi bila kutoa onyo jingine.

Chanzo chake cha kwanza ni mgandamizo uliopandishwa bila hesabu. Chukua 3S-GE yenye silinda ya sentimita za ujazo 499.5 na uwiano wa 11.5 kwa 1. Nafasi inayobaki juu ya pistoni ni kama sentimita za ujazo 47.6. Ukibadilisha gasketi ukaweka nyembamba kwa milimita 0.3, unaondoa karibu sentimita za ujazo 1.7, na uwiano unapanda hadi karibu 11.9. Hedi ikiwa imewahi kuchongwa kwa sababu ya kuchemsha siku za nyuma, unakuwa juu zaidi ya hapo bila kujua, na petroli ile ile iliyotosha jana haitoshi leo. Chanzo cha pili ni moto wa plagi kuwahi. Cha tatu ni hewa ya moto, jambo zito kwa pwani yetu, hasa kwa gari ambalo filta ya hewa imewekwa wazi nyuma ya rejeta kwa ajili ya mlio mzuri. Cha nne ni mvuke wa oili unaorudi kwenye hewa ya kuingia, ambao hudhoofisha petroli.

Toa plagi na uichunguze kwa kioo cha kukuzia. Vidoa vidogo vinavyometa kwenye kauri nyeupe ni aluminiamu ya pistoni yako. Ukiviona, rudisha moto nyuma kwa digrii mbili au tatu, hakikisha uwiano wa hewa na mafuta kwa kihisi kipana (wideband) cha ekzosti, kisha rudia kipimo cha kuvuja kabla ya kuendelea kutafuta nguvu. Kwa mzigo kamili, injini ya tabo inayotumia petroli huendeshwa karibu na sehemu 11.5 hadi 12 za hewa kwa 1 ya mafuta, na isiyo na tabo karibu na 12.5 hadi 13. Uwiano wa 14.7 ni wa mwendo wa taratibu.

Presha ya oili

Kwanza thibitisha kwamba tatizo lipo. Kihisi cha dashibodi kisiaminiwe; funga geji ya mshale moja kwa moja kwenye bloku. Kanuni inayotumiwa na wengi ni baa 0.7 kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika, oili ikiwa na joto la kazi.

Presha ikikosekana kabisa mara baada ya kufunga injini, pampu haijapata oili ya kuanzia. Injini mpya izungushwe kwa stata bila plagi mpaka geji inyanyuke, ndipo moto uwashwe. Presha nzuri ikiwa baridi na mbovu ikiwa moto huonyesha nafasi kubwa za beringi au oili nyepesi kuliko nafasi ulizochagua. Presha inayoshuka kwenye kona ndefu na kurudi barabara inaponyooka maana yake oili inakimbilia upande mmoja wa sampu, na dawa yake ni vizuizi ndani ya sampu. Kuongeza oili kupita kiwango huifanya krenki iipige mpaka itoe povu.

Ipo sababu moja inayopuuzwa kwa sababu inaonekana ndogo: silikoni ya kuzibia. Fundi anapaka mstari mnene kwenye ukingo wa sampu, anakaza bolti, na ziada inajikunja kwa ndani kama utepe. Baada ya joto kadhaa utepe unakatika na kwenda kukaa kwenye chujio la bomba la kunyonya. Presha hushuka kwenye mizunguko ya juu pekee, na hakuna kipimo cha beringi kitakachoeleza kwa nini. Shusha sampu, mulika tochi kwenye chujio, utaviona vipande vyekundu au vya kijivu vimelala pale.

Kuchemsha

Dereva anayesema, “Fundi, mjini halichemshi, linachemsha nikishapita Muheza tu,” amekwisha kumrahisishia fundi nusu ya kazi. Gari linalochemsha likiwa limesimama na kupoa likitembea lina tatizo la feni au la hewa isiyopita kwenye rejeta. Linalochemsha barabarani kwa mwendo mrefu lina maji yasiyozunguka vya kutosha, rejeta iliyoziba, mafuta machache, au moto wa plagi uliochelewa, ambao hupeleka joto kwenye ekzosti na kwenye hedi badala ya kulifanyia kazi juu ya pistoni. Nasisitiza hilo la mwisho kwa sababu anayerudisha moto nyuma sana kwa kuogopa kugonga hujikuta anahangaika na joto.

Maji yenyewe yana lawama zake hapa. Ardhi ya Tanga ina mawe mengi ya chokaa, kama mapango ya Amboni yanavyoshuhudia, na maji ya visima vingi huacha magamba meupe kwenye birika; magamba hayo hayo hujijenga ndani ya mifereji ya hedi na mirija ya rejeta. Tumia maji yaliyosafishwa ya betri pamoja na kulanti (dawa ya kupooza injini), nusu kwa nusu. Kulanti hiyo chini ya mfuniko wa rejeta wa baa 1.1 hupandisha kiwango cha kuchemka hadi zaidi ya nyuzi 120 za Selsiasi, wakati maji matupu yasiyo na mgandamizo huku usawa wa bahari huchemka kwenye 100.

Mpira wa juu wa rejeta ukiwa mgumu kama jiwe dakika moja tu baada ya kuwasha injini iliyopoa, gesi ya mlipuko inaingia kwenye maji. Usikimbilie kununua gasketi nyingine kabla ya kujua kwa nini hii imeshindwa. Gasketi za chuma zenye tabaka kadhaa hutaka uso laini na ulionyooka pande zote mbili, wa hedi na wa bloku, na mara nyingi ni hedi pekee iliyopelekwa kuchongwa. Tazama pia matundu ya bolti yasiyotokea upande wa pili: oili au maji yakibaki chini, bolti huyagandamiza, hukaza kabla ya kufika, na bloku linaweza kupasuka. Yasafishwe na kukaushwa kwa hewa, moja moja.

Ikiwa mpira haukakamai haraka na joto linapanda na kushuka ovyo, huenda ni hewa tu iliyobaki ndani. Inua mbele ya gari, fungua hita, na ujaze taratibu.

Moshi

Moshi mweupe wa asubuhi unaotoweka baada ya dakika chache ni mvuke, na kwa unyevu wa pwani haushangazi. Ule usiokwisha na wenye harufu tamu ni kulanti. Moshi mweusi ni mafuta yaliyozidi, nao ni hatari kwa injini mpya kuliko unavyoonekana, kwani petroli huosha oili ukutani na ringi hazikai.

Moshi wa bluu unahitaji swali lile la wakati. Ukitoka mara tu baada ya kuwasha, au unapokanyaga tena baada ya kushuka mlima ukiwa umeachia pedali, ni sili na gaidi za valvu (mirija midogo inayoongoza mashina ya valvu). Ukitoka chini ya mzigo mfululizo, ni ringi. Kwa injini ya tabo, kabla ya kulaani tabo yenyewe, chunguza bomba la kurudisha oili: liwe pana, lielekee chini moja kwa moja, na lisizibwe na gasketi iliyokatwa vibaya.

Ringi za injini mpya zisipokaa, sababu huwa mbili kwa kawaida. Injini iliachwa inguruma sailensi kwa saa nyingi “ilainike,” wakati ringi huhitaji mzigo wa wastani, kukanyaga na kuachia, ili zibanwe ukutani. Ama bloku lilirudi kutoka kuchongwa likakaa wazi usiku kucha kwenye hewa ya chumvi, likaota kutu nyepesi ya rangi ya chungwa, na mtu akaipangusa kwa kitambaa na kuendelea. Bloku lioshwe kwa maji ya moto, sabuni na brashi, likaushwe, lipakwe oili papo hapo, na kitambaa cheupe kitoke cheupe.

Pengo la ringi nalo hupimwa ndani ya silinda yake kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi). Kwa kipenyo cha milimita 86, injini isiyo na tabo huanzia karibu milimita 0.34 na ya tabo karibu 0.43. Pengo dogo mno ndilo baya: ncha zikigusana kwa joto, ringi hukwaruza ukuta na kuvunja pistoni, ilhali kubwa kidogo hupoteza nguvu kidogo tu.

Kumisi (silinda kukosa kuwaka) na kukosa nguvu

Sailensi inayopanda na kushuka baada ya kufunga kemshafti kali si lazima iwe kosa. Lakini kama inatulia unapoziba tundu la hewa kwa kiganja, kuna hewa inayoingia kwa wizi. Nyunyiza maji ya sabuni kwenye viungio uone panapobadilika.

Bomba la hewa lenye kihisi cha kupima hewa likibadilishwa likawekwa pana zaidi, kompyuta ya injini husoma hewa kidogo kuliko inayopita, na mafuta hupungua kwenye kila mwendo. Ekzosti inayovuja kabla ya kihisi cha oksijeni huleta uongo wa upande wa pili: hewa ya nje huingia, kihisi hudai mafuta ni machache, na kompyuta huyaongeza bila sababu. Mafuta yakipungua kwenye mizunguko ya juu peke yake, pima umeme unaofika kwenye pampu ya tangi huku injini ikiwa na mzigo, maana waya mwembamba wa zamani hupoteza volti hapo hapo pampu kubwa inapozihitaji.

Kumisi chini ya presha ya tabo huku kila kitu kikiwa kizuri bila presha ni moto wa plagi unaozimwa na mgandamizo. Punguza pengo la plagi hadi karibu milimita 0.7 kabla ya kununua koili mpya. Kwa injini isiyo na tabo inayokata juu ya mizunguko 7,000, shuku springi za valvu. Springi laini huifanya valvu ichelewe kurudi, na hapo nafasi kati ya valvu na pistoni ndiyo inayoamua kama utapoteza nguvu tu au hedi nzima. Nafasi hiyo hupimwa kwa plastisini juu ya pistoni wakati wa kufunga, injini ikizungushwa kwa mkono: isipungue milimita 2 upande wa kuingiza na 2.5 upande wa kutoa. Kama haikupimwa wakati huo, usipandishe kikomo cha mizunguko kwenye kompyuta mpaka hedi ishushwe na ipimwe.